NYUMBA NAFUU KWA MWANACHAMA MWENYE ULEMAVU ANAYEISHI MBALI NA NGUZO ZA UMEME

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika

Katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi, makabrasha hujaa habari za bei ya mazao, pembejeo, makato na magunia. Nyumba ya mwanachama haimo, kwa kuwa huhesabiwa kuwa shauri lake binafsi. Lakini kwa mwanachama mwenye ulemavu, nyumba ni shauri la uzalishaji. Asiyeweza kutoka ndani pasipo kubebwa hawezi kusimamia palizi, wala kushuhudia mizani siku ya kupima mazao, wala kuhudhuria mkutano. Mwisho wake hujulikana: hukodisha shamba kwa bei ya kutupa, huhamia kwa ndugu, na jina lake hubaki katika daftari bila kilo hata moja mbele yake. Mkaguzi anapouliza, huambiwa kwamba mwanachama huyo amelegea.

Makala hii yaeleza jinsi mwanachama wa namna hiyo awezavyo kupata nyumba inayomfaa, kwa gharama anayoimudu, mahali ambapo hapana umeme wala bomba. Siku hizi karibu vijiji vyote vya Tanzania Bara vimefikiwa na nguzo za umeme, lakini vitongoji vingi bado, na mashamba aghalabu yako huko vitongojini.

Maana ya nyumba nafuu

Wengi hudhani nyumba nafuu ni ile iliyojengwa kwa fedha chache. Fikra hiyo ina upungufu. Nyumba yenye milango myembamba, ngazi tatu mbele na choo cha kuchutama umbali wa hatua arobaini ni rahisi siku ya kujenga, lakini ni ghali kila siku baada ya hapo. Wapo wanaojizuia kunywa maji tangu alasiri ili wasihitaji kutoka usiku. Wapo watoto wanaokosa shule kwa sababu ya kumteka maji mzazi wao. Hizo nazo ni gharama, ijapokuwa hazina stakabadhi.

Jambo la kushika ni hili: sehemu kubwa ya yale anayohitaji mwenye ulemavu haiongezi gharama, au huongeza kidogo sana, yakiamuliwa kabla ya kuchimba msingi. Yakiachwa hadi nyumba imalizike, ni kubomoa na kujenga upya.

Kiwanja na hati

Hatua ya kwanza ni ardhi. Mara nyingi mwenye ulemavu hupewa chumba cha uani na jamaa zake, na shamba la urithi hugawanywa bila yeye kuulizwa. Yafaa makatibu wafahamu kwamba kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 chabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Kwa hiyo mwanachama aombe Hati ya Hakimiliki ya Kimila kupitia Halmashauri ya Kijiji kabla ya kuweka tofali hata moja. Anayejenga juu ya ardhi isiyo na hati kwa jina lake huenda anamjengea mwingine.

Kiwanja kichaguliwe mahali pakavu, penye mwinuko mdogo, karibu na njia inayopitika masika. Mahali pasipotuama maji, sakafu yaweza kuwa chini, na sakafu ikiwa chini, mteremko wa kupandia huwa mfupi.

Vipimo vya kumpa fundi

Kabla ya kuchimba, chora vyumba ardhini kwa majivu, kwa ukubwa wake halisi. Kisha mwenye nyumba apite humo kwa kiti chake cha magurudumu, kwa magongo yake, au kwa fimbo yake nyeupe: kutoka mlangoni hadi kitandani, jikoni na chooni. Anapokwama, sogezeni mstari. Kuufuta mstari wa majivu hakugharimu chochote. Kuubomoa ukuta ni fedha. Vipimo vya kuzingatia ni hivi:

(a) Mlango uwe na upana wa sentimita 90, usiwe na kizingiti cha kuruka.

(b) Mteremko wa kupandia uwe na urefu mara 12 ya kimo cha sakafu. Sakafu ya sentimita 30 hudai mteremko wa meta 3.6, sakafu ya sentimita 15 hudai meta 1.8 tu.

(c) Mahali pa kugeuzia kiti pawe na nafasi ya meta 1.5 kila upande, hasa chumbani na chooni.

(d) Choo kiungane na nyumba au kifikiwe kwa njia iliyosakafiwa na kuezekwa. Kiwe na kiti cha kukalia chenye kimo cha sentimita 45 hadi 50, kilichojengwa kwa tofali, na vishikio vya bomba vilivyozamishwa ukutani.

(e) Jiko liinuliwe, na chini yake paachwe nafasi ya magoti kwa anayepika ameketi.

Ulemavu si wa namna moja. Asiyeona huhitaji kingo za mawe kandokando ya njia ya choo na kisima, na vitu visivyohamishwa ovyo. Asiyesikia huhitaji taa ndani inayowashwa kwa swichi ya mlangoni, ili ajue amefika mgeni. Mwenye ualbino huhitaji baraza pana yenye kivuli cha kutosha kwa kazi za mchana, pamoja na milango yenye makomeo madhubuti. Mwenye kuulizwa kwanza ni yeye mwenyewe. Fundi na jamaa wafuate.

Kwa kuta, tofali za kufungamana zinazofyatuliwa kwa mashine ya mkono, kwa udongo wa mahali penyewe na saruji kidogo, hupunguza gharama, kwani hazichomwi kwa kuni na hutumia udongo wa kujengea kidogo sana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umewahi kufundisha ufyatuaji huo. Mashine moja yaweza kununuliwa na chama na kutumiwa na wanachama wote kwa zamu.

Maji na mwanga

Paa la bati ni chanzo cha maji. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Paa la meta 40 za mraba, mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka, na tukitoa moja ya tano kwa upotevu, hukinga lita 25,600. Tangi la lita 5,000 likijaa, kaya inayotumia lita 80 kwa siku hukaa miezi miwili bila kwenda kisimani. Bomba la tangi liwekwe mahali ambapo mwenye nyumba hulifikia akiwa ameketi.

Kuhusu mwanga, paneli ya umeme wa jua ya wati 50, ikipata jua zuri kwa saa 4, hutoa wati-saa 200, na takriban 150 baada ya upotevu. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia 100. Zinazobaki ni za simu na redio. Taa moja iwe chooni, na betri na swichi zisipite kimo cha meta moja.

Fedha

Fedha za mauzo ya mazao ni mali ya wakulima, na chama cha mazao kisizikopeshe kwa ujenzi, hata kwa huruma. Mkopo utoke katika chama cha akiba na mikopo, ulipwe kwa makato ya msimu, na ujenzi uende kwa hatua: kwanza chumba kimoja na choo, kisha tangi, kisha taa. Mikopo ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Mikopo hiyo ni ya shughuli za kiuchumi, si ya kujengea nyumba. Hata hivyo, faida ya shughuli hizo yaweza kulipia bati.

Mkutano mkuu waweza pia kutenga sehemu ya ziada kwa mfuko wa jamii, na wanachama waweza kutoa siku za msaragambo kuchimba msingi na kusomba mchanga. Huo si ufadhili. Misingi ya ushirika iliyotangazwa mwaka 1995 yadai uanachama ulio wazi bila ubaguzi, na kuijali jamii.

Kazi ya katibu

Kila katibu apitie daftari la wanachama kabla ya mkutano mkuu ujao, aandike majina ya wale ambao kilo zao zimekoma au kupungua, kisha awatembelee nyumbani mwao pamoja na mjumbe mmoja wa bodi. Achukue utepe wa kupimia. Apime mlango, kimo cha sakafu na umbali wa choo, amsikilize mwenye nyumba, na vipimo hivyo aviweke katika taarifa, ukurasa uleule wa kilo za mazao.