Gobori la kuwindia: risasi ya kindi si ya kulungu

Mpwa wangu wa Mumias, kaunti ya Kakamega, anaishi Pennsylvania. Juzi kaniuliza: "Mjomba, huku baada ya Krismasi wanafungua msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za zamani za gumegume. Ninunue ya kipenyo gani? Na nyama yake nitakula?" Nikaona jibu nilitoe hapa, maana wengi tunalitaja gobori bila kulijua.

Kwanza, asije mtu akasema nimehimiza vijana kuingia na bunduki msitu wa Kakamega. Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na marufuku hayo yako hadi leo. Tanzania na Marekani mtu huwinda kwa kibali.

Gobori hujazwa kwa mdomo wa mtutu. Unamimina baruti, unatia kitambaa na risasi ya mviringo, kisha unashindilia kwa fimbo mpaka ikae juu ya baruti. La gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe, na yaliyokuja baadaye yakatumia fataki. Risasi moja, basi. Ukikosa, mnyama keshafika ng'ambo ya pili nawe ungali washindilia.

Sasa kipenyo. Wamarekani hupima kwa sehemu za inchi: 0.32, 0.36, 0.45, 0.50, 0.54. Ukizitazama namba hizo utadhani tofauti ni ndogo, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Risasi ikiwa tufe, ukizidisha kipenyo mara mbili, uzito huzidi mara nane. Risasi ya 0.32 ina gramu kama 3 tu. Ya 0.50 yakaribia 12, na ya 0.54 yafika 14 na kitu. Tena tufe hupoteza kasi upesi hewani, kwa hiyo kinachobaki kufanya kazi kule mbele ni uzito.

Ndiyo maana 0.32 na 0.36 ni za kindi na sungura. Ukimpiga sungura kwa 0.54 hutapata nyama ya kutia chunguni. Kulungu wa Marekani, mwenye kilo 60 hadi 90, anataka 0.45 kwenda juu, na sheria ya Pennsylvania kwa msimu huo haikubali chini ya 0.44. Mimi ningemchagulia mpwa wangu 0.50, na asifyatue akiwa mbali zaidi ya mita 60 au 70. Kwa wale kulungu wakubwa kama ng'ombe, 0.54 au zaidi. Kanga na ndege wengine ni habari nyingine: hao hutaka mtutu laini usio na mifereji ndani, na marisau badala ya risasi moja.

Huko Mumias bunduki za namna hii hazikuwa za mchezo. Misafara ya watu wetu wa pwani ilifika kwa Wawanga karne ya 19 kutafuta pembe za ndovu, na Joseph Thomson alipopita 1883 njia ilikuwa imeshakanyagwa na wafanyabiashara wetu. Uislamu wa Mumias una mizizi humo, na biashara ya bunduki imo humo humo, pamoja na mambo yake mabaya. Bunduki za askari wa Kiingereza zilizozagaa Afrika zilikuwa na mtutu wa inchi 0.75, risasi ya gramu 32 hivi. Kwa mtu au swala, ni nyingi. Kwa ndovu, ni ndogo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulipozuia silaha mpya kuingia Afrika, uliachia hizi za gumegume zisizo na mifereji.

Wawindaji wa ndovu walipima kwa ratili: bunduki ya "nne" ni ile ambayo risasi zake nne zatimiza ratili moja, yaani moja ni gramu 113. Frederick Selous, aliyeuawa vitani Beho Beho karibu na Rufiji mwaka 1917, alianza kuwinda kusini mwa Afrika miaka ya 1870 kwa magobori ya nne. Baadaye alijuta kuyashika, kwa namna mateke yake yalivyomharibia ujasiri wa kulenga. Risasi tupu ni laini, hubondeka kwenye mfupa, hivyo wawindaji wa wanyama wakubwa waliichanganya na bati.

Suala la nyama ni zito zaidi. Katika hadithi ya Adi bin Hatim, chombo kikichoma kwa ncha, kula. Kikiua kwa ubapa wake, usile. Wanazuoni wa zamani wa Kishafii walikuwa wakali kwa kinachoua kwa uzito, na wengi wa leo wanaruhusu risasi kwa kuwa inatoboa. Mimi si mufti. Nimemwambia amuulize sheikh wa huko, ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na kisu kiwe kiunoni: akimkuta mnyama angali na uhai, amchinje papo hapo. Hapo ndipo kipenyo na umbali vinapohusu dini pia, kwani kulungu aliyejeruhiwa kwa risasi hafifu hukimbilia mbali akafia vichakani.

Na baruti iwe nyeusi ya kienyeji, au ile iliyotengenezwa badala yake kwa ajili ya magobori. Baruti isiyo na moshi, ya bunduki za kisasa, hupasua mtutu usoni kwa mwenye kufyatua.