Mchapishaji na Lugha ya Mwandishi

Mchapishaji anayewatetea waandishi waliopuuzwa hupimwa kwa lugha anayoitanguliza mtamboni. Mwaka 1966 East African Publishing House ya Nairobi ilitoa Song of Lawino, tafsiri ya Okot p'Bitek mwenyewe. Wer pa Lawino, utungo wa asili wa Kiacholi, ulitoka mwaka 1969. Hivyo Mwacholi asiyejua Kiingereza aliusubiri kwa miaka 3 utungo uliobuniwa kwa lugha yake. Mwaka 1980 Heinemann ya Nairobi, chini ya Henry Chakava, iligeuza utaratibu huo: Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ilitangulia kwa Kigikuyu; tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 1982. Basi, mwandishi wa lugha yenye soko dogo hajapewa nafasi kamili mpaka wasemaji wenzake wawe ndio wasomaji wake wa kwanza.