Nani Kashika Rimoti?

Mashabiki wa Dragon Ball Z wanalijua tukio hili, ingawa wengi hawalihesabu miongoni mwa hadithi za mapenzi. Mvumbuzi Bulma ameunda kifaa kidogo, mfano wa rimoti ya televisheni, ambacho kikibonyezwa karibu na Androidi 18 kinamzima papo hapo. Mpiganaji Krilin ndiye anayekabidhiwa. Dunia iko hatarini, kwa sababu adui wao Cell akifaulu kummeza mwanamke huyu atakamilika, na hapo hatakuwapo wa kumzuia. Krilin anamkuta mafichoni, kitufe kiko chini ya kidole chake. Anakumbuka busu alilopigwa shavuni siku walipokutana mara ya kwanza. Anaitupa rimoti chini, anaikanyaga.

Cell akammeza kweli, na gharama yake ikalipwa na watu wasiohusika. Vita vilipokwisha, Krilin alipata nafasi ya kuomba jambo kwa joka Shenron. Aliomba 18 na mwenzake, Androidi 17, wafanywe binadamu wa kawaida. Joka likajibu kwamba hilo limelishinda. Basi akaomba mabomu yaliyotegwa miilini mwao yaondolewe. Kumbuka kwamba alimwombea hata 17 akidhani ndiye mpenzi wa 18, kumbe ni pacha wake! Hadithi inaruka miaka 7, na tunapowaona tena ni mume na mke wenye binti, Marron. Mwandishi Akira Toriyama aliuruka uchumba wao wote. Wenye msimamo mkali watasema 18 si androidi kamili, kwa kuwa alizaliwa binadamu na Dakta Gero akamuunda upya, ndiyo maana akazaa. Ni kweli, lakini rimoti ilikuwapo, na bomu lilikuwapo.

Mijadala ya mapenzi kati ya mtu na androidi kwa kawaida huzunguka swali moja: je, mashine inaweza kupenda? Kwa mhakiki, swali hilo halina tija. Ndani ya hadithi mashine inapenda pale mwandishi anapoamua ipende, basi. Kinachoipa hadithi makali ni umiliki. Mmoja wa hawa wawili ana swichi mwilini, na mwenzake anajua ilipo. Mmoja alinunuliwa dukani. Akisema “nakupenda”, utajuaje kama alikuwa na uwezo wa kusema “sikutaki”? Ndiyo maana mimi huzipima anime, yaani katuni za Kijapani, za aina hii kwa kutazama rimoti iko mkononi mwa nani, na huyo aliyeishika anaifanyia nini.

Jambo hili lilikuwamo katika anime tangu mwanzo. Osamu Tezuka alianza kuchora Tetsuwan Atomu, inayojulikana nje ya Japani kwa jina la Astro Boy, mwaka 1952, na Januari 1963 ikaanza kuonyeshwa kwenye televisheni. Dakta Tenma anafiwa na mwanawe Tobio katika ajali, anaunda roboti mwenye sura ya mtoto huyo, anampenda, kisha anagundua kwamba haongezeki kimo. Anamuuza kwenye sarakasi. Hayo ni mapenzi ya baba kwa mwana, lakini kiini chake ni hichohicho: unayempenda una hati ya kummiliki, na siku ukichoka unaweza kumpiga bei.

Kazi iliyolichimba suala hili kwa kina kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Chobits. Waliibuni CLAMP, kundi la wanawake 4, ikatoka katika jarida la Young Magazine kuanzia mwaka 2000 hadi 2002, na studio ya Madhouse ikaifanya anime mwaka huo wa 2002. Hideki Motosuwa ni kijana wa kijijini aliyefeli mtihani wa kuingia chuo kikuu. Amekuja Tokyo kusoma twisheni huku akifanya kibarua baa. Mjini kila mwenye uwezo ana persocom, yaani kompyuta yenye umbo la mtu. Yeye hana kitu, mpaka usiku mmoja anapomwokota Chi jalalani, amefungwa bendeji mwili mzima.

CLAMP wameiweka swichi ya Chi sehemu za siri. Mwanzoni unaona ni mzaha wa kihuni, na kusema kweli anime hii ina mizaha ya namna hiyo kuliko inavyohitaji. Ila kadiri hadithi inavyosonga, mzaha unageuka kuwa sharti zito: Chi akiwashwa upya, kumbukumbu zake zote zinafutika. Hideki akiutaka mwili wa Chi, atabaki na mwili na kumpoteza Chi mwenyewe. Anaambiwa hivyo waziwazi, na bado anamchagua. Kijana wa miaka 19 anayepapatika akiona gazeti la picha za wasichana anakubali kuwa na swichi asiyoigusa maisha yake yote. Hiyo ndiyo rimoti ya Krilin, ila safari hii haikanyagwi mara moja ikaisha. Inapaswa kuachwa kila siku.

Utamu mwingine wa Chobits uko kwa watu wa pembeni. Mwalimu Shimizu ni mke ambaye mumewe alizama kwa persocom yake hadi akamsahau. Siku moja mama huyo alirudi nyumbani akakuta mlango umefungwa kwa ndani, na mume hata hakukumbuka kwamba kuna mtu bado yuko nje. Ueda, mwoka mikate, yeye alifunga ndoa na persocom, akadhihakiwa, kisha akamwona mkewe anaanza kumsahau kidogokidogo kwa sababu kifaa cha kumbukumbu kimeharibika. Mmoja ameachwa kwa ajili ya mashine, mwingine ameachwa na mashine bila mashine kutaka. Waandishi hawakuwapatanisha watu hawa kwa jibu moja, na ndiyo sababu nawaheshimu.

Plastic Memories ya mwaka 2015 inaitoa rimoti mikononi mwa mpenzi na kuikabidhi kampuni. Androidi wake, wanaoitwa Giftia, wana uhai wa saa 81,920, ambazo ni miaka 9 na miezi 4 hivi. Muda ukipita, nafsi yao inavurugika na wanakuwa hatari, kwa hiyo kampuni ya SAI inatuma wafanyakazi kuwakusanya kabla ya siku hiyo. Tsukasa ameajiriwa kwa kazi hiyo, na Isla ndiye mwenzake wa kazi. Isla ni Giftia, na amebakiza miezi mitatu hivi. Mwisho wake hauwezi kuwa siri kwa yeyote: Tsukasa mwenyewe ndiye anayemzima, juu ya gurudumu la bembea. Machozi yatakutoka, hilo sibishi. Lakini hakuna hata mhusika mmoja anayeibana kampuni na kuuliza kwa nini inauza watoto na wachumba wenye tarehe ya kuisha, kana kwamba tarehe hiyo ilishuka kutoka mbinguni.

Japani ilikwisha kuionja hali hiyo nje ya hadithi. Sony ilianza kuuza mbwa wa kiroboti AIBO mwaka 1999, ikasimamisha uzalishaji mwaka 2006, na mwaka 2014 ikafunga huduma ya matengenezo. Mbwa wasiotengenezeka wakaanza kuombewa kwa ibada za mazishi katika hekalu la Kofuku-ji, mjini Isumi. Wenye AIBO walikuwa wamelipa pesa zao zote, na bado uamuzi wa mwisho ulikuwa wa kampuni.

Eve no Jikan ya Yasuhiro Yoshiura inakwenda kimyakimya kuliko hizo. Humu sheria inamtaka kila androidi awe na duara la mwanga juu ya kichwa, ili asichanganywe na watu. Lakini kuna mkahawa mmoja ambamo duara linazimwa, na mteja haruhusiwi kumbagua mwenzake. Kijana Rikuo anaufikia mkahawa huo kwa sababu amekagua rekodi za mienendo ya Sammy, androidi wa nyumbani kwao, akakuta safari asizomtuma. Tazama hapo: mapenzi yanaanza kwa upekuzi. Anachokiona ni kwamba mtumishi huyu, akiwa mahali ambapo hakuna wa kumwamuru, ana mambo yake. Busu halimo, na sikulikosa.

Kisha kuna Beatless ya mwaka 2018, iliyotokana na riwaya ya Satoshi Hase, ambayo inaupindua mchezo wote. Androidi Lacia anamwambia kijana Arato tangu mapema kwamba hana moyo. Anamtaka awe mmiliki wake, yaani mtu wa kubeba lawama za kisheria kwa yote atakayotenda. Sura yake nzuri, sauti yake, jinsi anavyoinamisha kichwa, vyote ni vyombo vya kumshawishi binadamu, na hadithi inatuambia hivyo bila kuficha. Arato anayajua yote na anampenda. Aliye na swichi mwilini ndiye anayeendesha, na mwenye rimoti ndiye anayeendeshwa. Katika zama hizi za programu za simu zinazokuita “mpenzi” usiku wa manane, sijaona anime nyingine iliyoona mbali kiasi hicho.

Anayetaka kuanza, aanze na filamu ya Eve no Jikan ya mwaka 2010, haifiki saa mbili. Chobits ni ya watu wazima, na mzazi asimwachie mtoto kwa kudhani ni katuni tu. Beatless inasuasua katikati, ivumilie. Plastic Memories iwe ya mwisho, nawe ukiifuta machozi uulize lile ambalo Tsukasa hakuliuliza.