Singe la babu: Soma alama kabla ya kuuza kwa kilo

WAKULIMA wa Tanga, Kilimanjaro, Morogoro na Lindi si wageni wa vyuma vya vita. Jembe linagonga kitu, mwenye shamba anafukua, anakuta kisu kirefu chenye kutu. Wengine hukirithi kikiwa kimechomekwa darini, kwa kuwa babu alikuwa Keya. Swali huwa moja: ni cha mwaka gani na kinauzwaje?

Asiyejua jibu hupata hasara ya namna mbili. Mnunuzi wa chuma chakavu hulipa uzito tu, hajali historia. Kwa upande mwingine wapo matapeli wanaovumisha kuwa kila chuma cha zamani ni "mali ya Mjerumani" yenye thamani ya mamilioni, na watu wakauza mbuzi au hata shamba ili kuifuata mali hiyo. Dawa ya hasara zote mbili ni kujua kusoma alama.

Visu vingi vya aina hii ni masinge, yaani visu vya kuchomekwa kwenye mdomo wa bunduki. Mahali kilipookotwa hapatoshi kuwa ushahidi. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, Wajerumani waliteka bunduki nyingi za Waingereza. Baadaye vita vilisambaa hadi Mahiwa, Lindi, Oktoba 1917, na Jenerali Lettow-Vorbeck akasalimu amri Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918. Silaha zilibadili mikono njia nzima.

Hatua ya kwanza ni kupima kwa rula. Singe la Uingereza lililoenea sana katika vita vyote viwili vikuu lina bapa la sentimita 43 hivi, mfereji mrefu kila upande, na mpini wa vipande viwili vya mbao. Singe la Ujerumani la mfano wa 1898/05 ni fupi zaidi, na bapa lake hupanuka kuelekea kwenye ncha kama kisu cha bucha.

Hatua ya pili ni kusoma sehemu ya bapa iliyo karibu na mpini. Kwenye singe la Uingereza huwa kuna taji, herufi za mfalme, na namba 1907. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mwaka 1907 ni mwaka wa mfano kupitishwa, si mwaka wa kisu kutengenezwa. Tarehe yenyewe iko chini yake, kwa mwezi na mwaka: 5 '16 maana yake Mei 1916. Karibu nayo huwa kuna jina la mtengenezaji, kwa mfano Wilkinson au Sanderson. Upande wa pili hukaa alama za wakaguzi, ukiwemo mshale mpana wa mali ya serikali ya Uingereza.

Kwenye singe la Ujerumani geuza kisu utazame mgongoni, karibu na mpini. Taji juu ya herufi W, likifuatiwa na namba kama 15, humaanisha lilipokelewa jeshini mwaka 1915.

Umbo nalo husaidia, ila kwa tahadhari. Masinge ya kwanza ya Kiingereza ya mfano wa 1907 yalikuwa na ndoano kwenye kingio la mkono, ikaondolewa mwaka 1913. Tundu dogo la kusafishia kwenye kichwa cha mpini liliongezwa mwaka 1916. Lakini masinge mengi ya zamani yalikatwa ndoano na kutobolewa tundu yalipopelekwa karakana. Kwa hiyo tundu peke yake si cheti cha kuzaliwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kusugua kwa msasa au kunoa kwenye jiwe la umeme. Kisu hung'aa, lakini alama hufutika, na thamani huondoka nazo. Ondoa udongo kwa brashi laini, kausha, kisha paka mafuta mepesi ya cherehani kwenye chuma. Alama isiyosomeka, weka karatasi juu yake na usugue kwa penseli.

Je, bei? Masinge haya yalitengenezwa kwa mamilioni, hivyo la kawaida lililoliwa na kutu halimtajirishi mtu. Bei hupanda likiwa na ala yake, alama zinazosomeka, namba ya kikosi, na historia ya mwenyewe. Andika jina la babu, kikosi chake, alikopigana na mwaka. Familia ya askari aliyekwenda Burma mwaka 1944 ina kitu ambacho hakiandikwi kwenye chuma.

Kilichochimbuliwa ardhini kisiuzwe kabla ya kumwona ofisa utamaduni wa wilaya au kuuliza Makumbusho ya Taifa. Na jembe likigonga risasi au bomu, usiguse. Weka alama kwa mbali na uwaarifu polisi.

Mfanyabiashara hauzi mazao kabla ya kuyapima na kuyapanga kwa daraja. Singe nalo ni hivyo hivyo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.