Usiulize Bei ya Mashine, Uliza Bei ya Stripu

Umetoka kliniki na karatasi mbili. Moja ni ya dawa, nyingine inakutaka ununue mashine ya kupimia sukari. Mfukoni kuna kidogo na mwisho wa mwezi uko mbali. Usinunue bado.

Ukifika famasi, uliza kwanza stripu, vile vipande vya kuwekea tone la damu. Kwa kawaida kila aina ya mashine ina stripu zake na haikubali za nyingine, ndiyo maana wauzaji wengine wako radhi kukupa mashine kwa bei ya kutupa. Tuseme mashine moja ni shilingi 30,000, na kopo lake la stripu 50 ni 45,000. Nyingine ni 60,000, kopo 25,000. Ukipima mara moja kwa siku, kwa mwaka unahitaji makopo 8. Ile "rahisi" itakuwa imekula 390,000, ile "ghali" 260,000. Chukua ya pili bila kusita.

Ila kwanza zunguka maduka mawili matatu ya mtaani kwako uone kama stripu zake zinapatikana. Mashine ya kwanza niliyomnunulia mama iko kabatini hadi leo, nzima kabisa. Stripu zake ziliadimika baada ya miezi minne.

Kopo la 50 kwa kawaida hupunguza bei ya stripu moja. Lakini kama daktari amekwambia upime mara mbili kwa wiki, litakaa karibu miezi sita, na zipo stripu ambazo kopo likishafunguliwa zinapaswa kuisha ndani ya miezi mitatu. Wewe nunua la 25, na ufunike vizuri, unyevu unaziharibu. Ongeza kwenye hesabu visindano vya kutobolea kidole na betri.

Kama una presha pia, mashine yake ina ahueni: ukishainunua, gharama inayobaki ni betri tu. Ya kufunga kwenye kifundo cha mkono ni ndogo na inapendeza, lakini chaguo langu ni ya mkono wa juu, maana majibu yake ni ya kuaminika zaidi. Pima mkono wako kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kwenda dukani, kisha soma sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo, na unaweza kuongezewa dawa usizozihitaji. Majirani watatu mnaweza kuchangia mashine moja. Visindano vya sukari, hapana: kila mtu na vyake.

Kwenye insulini ndiko hesabu inakogeuka. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na yuniti moja huwa nafuu kuliko ya kalamu. Lakini insulini nyingi zikishafunguliwa hudumu wiki 4 hadi 6 tu. Anayechoma yuniti 20 kwa siku, kwa wiki 4 anatumia 560, na zilizobaki 440 ni za kumwaga. Mtoto wa yuniti 8 anatumia 224. Kalamu moja ina 300, kwa hiyo kwake kalamu inaweza kuwa ndiyo nafuu. Anayetumia nyingi abaki na chupa, na sindano zake ziwe zimeandikwa U-100.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Huna friji? Omba nafasi kwa jirani au zahanati. Mtungi wa udongo wenye maji unapoza vizuri Dodoma kwenye hewa kavu. Dar es Salaam au Tanga, kwenye joto la unyevu, usiutegemee sana.

Vidonge ni rahisi kuamua. Metformin au amlodipine ya kiwanda kisichovuma, mradi imesajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), ina kiini kilekile cha ile yenye boksi la kung'aa. Usilipie boksi. Kununua vidonge vitano vitano nako ni ghali ukijumlisha nauli ya bodaboda, na siku dawa zitakapoisha ndiyo siku utakayolala na wasiwasi. Bora dozi ya mwezi mzima. Zile chupa za mitishamba za "kumaliza sukari kabisa" zinazouzwa kwenye mabasi, mwachie muuzaji. Ukishaacha vidonge kwa ajili ya chupa hizo, bili ya hospitali itakuja nyuma.

Kama wiki hii fedha haitoshi vyote, anza na dawa, kisha mashine ya sukari na stripu zake, halafu mchango wa mashine ya presha. Na daftari la shule. Mama huandika namba zake kila asubuhi kabla ya chai, na siku ya kliniki hulifungua mwenyewe mbele ya daktari, bila kuulizwa.