Jinsi corona ilivyovuruga upangaji uzazi mitaa ya mabanda

SERIKALI ilipotangaza kisa cha kwanza cha corona nchini mnamo Machi 13, 2020, wengi walihofia mapafu yao. Wachache walikumbuka ile kadi ya kliniki iliyowekwa chini ya godoro, yenye tarehe ya kurudi kudungwa sindano ya kupanga uzazi.

Wiki mbili baadaye kafyu ilianza. Aprili 6 wakazi wa Nairobi wakapigwa marufuku kutoka jijini, na siku mbili baadaye agizo hilo likafika Mombasa, Kilifi na Kwale.

Chukua mfano wa mwanamke wa Mukuru anayeishi kwa vibarua vya kufulia watu nguo. Ikiwa alidungwa sindano katikati ya Januari mwaka huo, zamu yake ya kurudi iliangukia katikati ya Aprili, wakati ule ule ambapo waajiri walikuwa wakimfungia lango kwa kuhofia ugonjwa.

Sindano hiyo, ambayo hutumiwa na wanawake wengi nchini, hudumu miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani, WHO, huruhusu mwanamke adungwe nyingine hata akichelewa kwa wiki nne. Akipitisha muda huo, sharti kwanza ibainike kuwa hana mimba.

Aliyewekewa kipandikizi mkononi hakuwa na wasiwasi kama huo, kwani hicho hudumu miaka mitatu au mitano. Hata hivyo, aliyetaka kuondolewa ili apate mtoto naye alilazimika kumsubiri muuguzi.

Ni kweli kwamba huduma hizi hazitozwi ada katika hospitali na zahanati za umma. Lakini nauli ilipanda, foleni ziliogopwa, na mwezi Disemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki wakagoma. Aliyekosa huduma huko alibaki na duka la dawa, na huko hakuna cha bure. Pesa za vidonge zikawa ndizo hizo hizo za unga.

Isitoshe, wapo wanawake wanaopanga uzazi bila waume zao kujua. Mume aliyepoteza kazi akashinda nyumbani, katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, mkewe angeaga anakwenda wapi? Na pakiti ya vidonge angeificha wapi?

Aprili 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu, UNFPA, lilikadiria kuwa wanawake milioni 47 katika mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani wangekosa dawa za kupanga uzazi endapo vikwazo vingedumu miezi sita, na mimba milioni saba zisizotarajiwa zingefuata. Machi 2021 shirika hilo lilitoa makadirio mapya: wanawake milioni 12 na mimba milioni 1.4. Makadirio ya kwanza yalipata vichwa vikubwa vya habari kuliko ya pili, jambo ambalo sisi wahariri hatuwezi kumlaumu mwingine kwalo.

Hapa Kenya, utafiti uliowafuatilia wanawake kabla na baada ya corona kuingia ulibaini kuwa zaidi ya wanane kati ya kila kumi waliokabiliwa na uwezekano wa kupata mimba wasiyoitaka hawakubadilisha msimamo. Asilimia 13 walianza kupanga uzazi, ilhali asilimia tano waliacha. Si ajabu, kwani dhiki humfanya mtu ahesabu midomo ya kulisha.

Lakini wastani haubishi hodi nyumba kwa nyumba. Nia ya kupanga uzazi haikupungua. Kilichokatika ni njia ya kuifikia dawa, na njia hiyo ilikatika upesi zaidi kwa yule anayehitaji kurudi kliniki mara kwa mara akiwa hana akiba.

Ndiyo maana wataalamu wanapendelea mbinu zinazopunguza safari hizo. WHO inakubali mwanamke apewe vidonge vya hadi mwaka mzima kwa mara moja. Tangu 2019 imependekeza pia sindano ya kujidunga mwenyewe: dawa ni ile ile ya miezi mitatu, ila kipimo ni kidogo na huingizwa chini ya ngozi. Mwanamke hufunzwa na mhudumu, kisha akaondoka na dozi kadhaa.

Kinachobaki ni mahali pa kuzihifadhi katika chumba kile cha futi kumi, na mkebe wa kutupia sindano zilizotumika, katika mitaa ambapo watoto huchezea jaani.