Je, Wajua? Ulezi Hupimika Mwilini

Je, wajua kwamba mate ya mama yanaweza kueleza uzito wa ulezi alioubeba? Huko Marekani, mtafiti Marsha Mailick wa Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison na wenzake waliwafuatilia akina mama wenye vijana na watu wazima wanaoishi na usonji. Kwa siku 8 mfululizo, kila jioni, mama alipigiwa simu na kuulizwa siku yake imekwendaje. Katika siku 4 kati ya hizo alitoa mate mara 4: anapoamka, nusu saa baadaye, kabla ya chakula cha mchana, na anapokwenda kulala. Kilichotafutwa ndani ya mate hayo ni kotisoli, homoni inayouandaa mwili kukabili shida.

Je, wajua kilichoonekana? Wengi tungedhani kotisoli ya akina mama hao ingekuwa juu. Ilikuwa chini kuliko ya mama wengine. Homoni hii hupanda kwa kasi baada ya mtu kuamka, kisha hushuka mpaka usiku. Shida ya ghafla huipandisha. Lakini shida ikidumu miaka na miaka, mwili huweza kufikia mahali usiitikie tena kama zamani. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yalilinganishwa na yale ya wanajeshi walio vitani. Anayemwambia mama wa namna hii ajikaze tu, hajui anaukabidhi mzigo mwili ambao umejikaza siku nyingi.

Je, wajua kwamba mama hao hao, licha ya uchovu na muda mchache wa kupumzika, walipata nyakati njema kila siku sawa na mama wengine? Na walijitolea kuwasaidia watu kama wengine walivyojitolea. Jambo hili halisemwi vya kutosha.

Je, wajua kwamba kazi hii ilianza na wazee? Mwaka 1988 Mailick na Marty Krauss walianza kuzifuatilia familia 461 za Wisconsin na Massachusetts. Mama walikuwa na umri wa miaka 55 hadi 85, na bado waliishi na mtoto wao, sasa mtu mzima, mwenye ulemavu wa akili. Tafiti nyingi za ulemavu humtazama mtoto mdogo na mama kijana, kana kwamba ulezi humalizika shule inapomalizika. Pengo hili linaumiza, kwa sababu swali linalomkosesha mzazi usingizi ni la uzeeni: nikiondoka, nani atabaki naye? Mwaka 1998 zikafuata familia 406 za watu wenye usonji.

Je, wajua kwamba aina ya ulemavu nayo ina uzito wake? Mama wa watu wazima wenye sindromu ya Down walieleza msongo mdogo, na kuridhika zaidi na msaada wa watu wa karibu, kuliko mama wa watu wenye ulemavu wa akili wa aina nyingine.

Je, wajua kwamba jeni za mama mwenyewe nazo zina uzito wake? Jeni ya FMR1, iliyogunduliwa mwaka 1991, ina kipande kinachojirudia. Kikijirudia zaidi ya mara 200, huleta ulemavu wa akili wa kurithi. Mama mwenye marudio kati ya 55 na 200 ni mbebaji, anayeweza kumrithisha mwanawe ulemavu huo. Mwaka 2012 timu ya Mailick ilionyesha kwamba, matukio magumu ya maisha yanapoandamana, wabebaji walio katikati ya kipimo hicho ndio wanaoumia zaidi kuliko wenye marudio machache au mengi.

Je, wajua dakika 5 zinatosha kuupima upendo wa nyumbani? Mama huachwa azungumze juu ya mwanawe bila kukatizwa, kisha maneno yake huchambuliwa. Utafiti wa mwaka 2008 uliona kwamba pale mama alipoongea kwa uchangamfu na sifa, dalili na tabia ngumu za kijana mwenye usonji zilielekea kupungua miezi 18 baadaye.

Kutokana na tafiti hizi yakaandaliwa mafunzo ya wiki 8 kwa familia. Wazazi hukutana chumba kimoja wakijifunza na kupeana mbinu. Vijana wao hukutana chumba kingine, wakiwa na kikundi chao wenyewe.